Nilivyomsemea Mgeni

Jumatatu, 3 Machi

Magoti yananiuma. Naanza na hilo ili atakayesoma baada yangu ajue mwenye daftari hili hakuwa mvivu.

Leo Daktari ametuita chini ya turubai la kambi, mimi na Kimya. Daktari ni mwanamke msomi aliyekuja msituni kuchunguza jinsi sokwe wanavyosemezana. Sisi wawili ni wafuatiliaji wake. Unamfuata sokwe tangu anapoamka mpaka anapojitandikia matawi alale, kinasa sauti shingoni, kalamu sikioni. Kazi nyepesi kwa mtu asiye na magoti.

Habari kubwa! Imepatikana nafasi moja ya ajira ya kudumu. Moja tu. Ijumaa ya wiki ijayo Daktari atamtaja aliyeipata. Mwingine, mkataba wake wa muda ukiisha mwezi huu, kwaheri ya kuonana.

Nikamtazama Kimya kwa huruma. Maskini. Mimi nimebeba mizigo bandarini, nimeita abiria stendi, nimechana tiketi kwenye jumba la sinema. Shule nilisoma mpaka nikaona inatosha. Hakuna kiumbe niliyeongea naye asinielewe, ndiyo maana kambi nzima inaniita Redio. Kimya anaitwa Kimya kwa sababu zilizo wazi. Mwaka jana alisema "mvua" na wote tukageuka kumtazama.

Yeye kapewa Jemadari, mkuu wa kundi, na madume wenzake wanane. Genge la wapiga kelele. Mimi nimepewa Mgeni, jike kijana aliyehamia kutoka ng'ambo ya mto miezi miwili iliyopita, kama bibi harusi wa mbali. Daktari anazitaka sana sauti zake. Nikamwambia amempa mtu sahihi.

Jumanne, 4 Machi

Saa kumi na moja nzima nyuma ya Mgeni. Sauti alizotoa: chafya moja.

Nimeinasa. Daktari amesema chafya si mawasiliano. Nikasema inategemea umepigiwa wapi. Hakucheka.

Akanieleza, na mimi nikakaa kama mwanafunzi. Sokwe hapayuki ovyo. Anatazama kwanza nani yupo. Akipata tunda na rafiki yuko karibu, ataguna ili mwenzake asikie. Akiwa peke yake anakula zake kimya. Akipigwa, kilio chake hurefuka kama yupo mkubwa wa kumtetea. Na mdogo akikutana na mkubwa, huinamisha kichwa na kumwamkia kwa miguno ya pumzi, hu-hu-hu. Nikasema hiyo ni shikamoo. Daktari akakubali kwamba inakaribia. Nikauliza Jemadari huitikiaje. Haitikii, akasema, anapita tu. Nikaelewa kabisa. Mama mkwe wangu ni hivyo hivyo.

Sasa Mgeni hana mama pale, hana dada, hana shoga. Hana wa kumgunia. Ndiyo sababu ya ukimya wake.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akasema hata yeye, nilipomleta kwa mama yangu, alikaa mwezi mzima hasemi zaidi ya shikamoo na nimeshiba. Nikasema mbona sikugundua.

"Ungegundua saa ngapi, baba watoto? Ulikuwa unaongea."

Nazima taa. Nimechoka.

Jumatano, 5 Machi

Kimya kaleta sauti arobaini na moja. Mimi sifuri. Chafya imekataliwa rasmi.

Si kwamba sikujitahidi. Nilikaa hatua kumi kutoka kwa Mgeni, kama kanuni inavyotaka, nikamsimulia maisha yangu kwa sauti ya chini. Bandari yote, stendi yote. Alinisikiliza, namsifu kwa hilo. Alikuwa anachagua majani na kunitupia jicho. Zamani nikikohoa tu anapanda juu, leo kashuka tawi zima.

Adhuhuri wakapita majike wengine na watoto wao. Mgeni akajibanza nyuma ya shina. Mdomo akaufungua, akaufunga. Nimewahi kumwona mtu hivyo: yuko kwenye harusi asikomjua yeyote, kashika sahani, anatafuta pa kukaa. Niliumia kweli. Nilitaka kumrushia kipande cha mkate wangu, lakini kuwalisha ni marufuku. Nikakila mwenyewe kwa uchungu.

Jioni Kimya alikabidhi sauti zake arobaini na moja bila kujisifu hata kidogo. Mtu asiyejisifu ana dharau kubwa sana.

Alhamisi, 6 Machi

Sauti: sifuri. Kuteleza: mara mbili. Miiba: sijamaliza kuitoa.

Lakini nikiwa nimenasa kwenye hiyo miiba, wazo likanijia. Ikiwa Mgeni hana la kusema, mwenye maneno mengi na amwazime! Si udanganyifu. Mawakili wanafanya hivyo mahakamani kila siku na wanavaa majoho.

Miaka mitatu nimesikia madume wakiitana mlimani. Naujua ule mwito vizuri. Unaanza chini, unapanda, pumzi zinafuatana, halafu unapasuka. Huu... huu... hu-hu-hu-hu, waaa!

Nimefanya mazoezi bafuni jioni. Mara ya tatu ilitoka safi, ndoo ikatetemeka. Jirani akabisha akiuliza kama tunahitaji gari la wagonjwa. Mama mkwe akamwambia binti yake, makusudi nisikie, kwamba yeye alimwonya mapema.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi!

Nimenasa miito sita, nimesimama nyuma ya mti mnene. Daftarini nikaandika: "Mgeni, saa nne na dakika kumi, sauti kubwa, yuko peke yake." Mwandiko mzuri. Mgeni mwenyewe alinitazama kwa muda mrefu, kisha akapanda matawi mawili juu. Hana shukrani, lakini nimemsamehe.

Daktari alivaa spika za masikioni akasikiliza. Akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hajawahi kusikia, akasema, jike mgeni asiye na jamaa akiita namna ile mahali pasipo na mtu. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba wanawake huwa wananifungukia.

Kimya akaomba kusikiliza. Alisikiliza yote sita. Akanitazama. Akavua spika, akaenda kuosha viatu.

Wivu ni ugonjwa mbaya.

Jumamosi, 8 Machi

Daktari ameshinda kwenye kompyuta akichora picha za sauti. Kumbe sauti ina picha, inakaa kama safu ya vilima. Ananionyesha kilima cha kwanza, cha pili, anasema kifua hiki ni kizito ajabu kwa jike mdogo, kama cha dume aliyezeeka kwenye moshi. Nikasema huenda ana mafua.

Anacheka peke yake. Ameimba! Tangu mvua zilipoharibu mitambo yake sijamsikia akiimba. Anasema miaka yote ameamini kwamba sauti ya sokwe hukuzwa na wenzake, kwamba asiye na jamaa huwa na maneno machache, na sasa Mgeni amempindua. Ameshawaandikia maprofesa watatu.

Watatu!

Na jambo jingine. Jumatatu atachukua spika kubwa apige mwito wa Mgeni mbele ya genge la Jemadari, aone kama wanamtambua. Nikasema ni wazo zuri mno. Nikauliza kama betri bado nzima, akasema zote.

Ningemwambia ukweli. Nakiri. Lakini alikuwa anaimba.

Jumapili, 9 Machi

Mapumziko. Magoti yamepumzika, mwenyewe la.

Nimepanga mambo matatu. Moja, kuugua. Mke wangu kaniweka mkono kwenye paji la uso, akasema niamke nikafue. Mbili, spika ipate ajali ya maji. Lakini spika inalala chumbani kwa Daktari. Tatu, kuungama. Hilo nimelikata kwa mistari miwili.

Mwishowe nikamwambia mke wangu yote. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akanitaka nimpigie ule mwito, nikampigia, akacheka tena akijifuta machozi. Halafu akauliza kama nafasi ya kudumu inategemea jambo hili. Nikasema ndiyo. Akaacha kucheka. Akaniambia niende kesho, kabla ya kitu chochote, nimwambie yule mama wa watu ukweli.

Nikakubali. Nilikuwa na nia kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Sikumwambia. Alikuwa amechana nywele.

Spika ikafungwa kwenye mti. Mimi nikapewa kichaka cha nyuma nilinde betri. Daktari na Kimya wakakaa hatua mia pembeni. Daktari akabonyeza, na sauti yangu ikatoka ikajaza bonde lote. Nasema bila kujipendelea: ilikuwa nzuri.

Nikangoja kelele za kujibu. Hakuna. Msitu mzima kimya, hata ndege. Daktari alinieleza baadaye, nilipokuwa nakunywa maji. Sokwe wakisikia dume wasiyemjua ndani ya mipaka yao, hawabwati. Wananyamaza, wanajipanga mstari, wanakuja kuangalia ni nani huyo.

Walikuja. Tisa. Nywele zimesimama, kila mmoja ana upana wa mlango. Wakaipita spika kana kwamba ni jiwe, wakaja moja kwa moja kwenye kichaka changu.

Nikapanda mti. Magoti hayakulalamika, nitayauliza siku nyingine kwa nini. Nikapiga kelele. Kelele ya kawaida, ya mtu mzima. Nilipomwona Daktari anakuja mbio, nikaongeza.

Jemadari akanitazama juu, chini, juu tena. Miaka mitatu ananiona kila siku. Akalaza nywele, akakaa, akajikuna ubavu. Wenzake nao wakakaa. Kama watu waliokimbilia moto wakakuta ni jirani anachoma takataka. Kisha wakaondoka mmoja mmoja.

Daktari akanisaidia kushuka. Mkononi alikuwa na kinasa sauti chake. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Jumanne, 11 Machi

Nimeitwa mezani asubuhi. Picha mbili kwenye kompyuta, moja karibu na nyingine. Mwito wa Mgeni, kelele zangu za mtini. Vilima vilevile. Hata mimi wa darasa la saba na nusu niliona.

Nilitaka anifokee. Hakufoka. Akasema tu kwamba aliandika barua tatu na sasa ataandika nyingine tatu. Akazima kompyuta, mikono ikakaa juu yake. Nimeshapigwa stendi na makondakta wanne, haikuuma hivi.

Nikasema nilitaka ile nafasi. Na kwamba nilimwonea Mgeni huruma, hana wa kumsemea. Akauliza Mgeni alifanya nini nilipoita. Nikasema alipanda matawi mawili, mbali nami. Akaandika. Akasema hiyo ndiyo habari pekee ya kweli niliyoleta wiki nzima.

Halafu akaongeza, akitazama karatasi, kwamba kelele zangu za mtini zilikuwa za sekunde mbili mbili, na yeye alipotokea zikawa za sekunde sita. Kama sokwe yeyote, akasema. Sijui kama hiyo ilikuwa sifa.

Kanivua kinasa sauti. Mpaka Ijumaa naongozana na Kimya kumfuata Mgeni. Kimya anabeba kinasa, mimi nabeba maji.

Jumatano, 12 Machi

Kutwa nzima nyuma ya Kimya. Hakusema kitu. Na mimi sikusema. Mara ya kwanza tangu nizaliwe, na sikufa.

Mchana alikuja Shangazi, jike mzee mwenye sikio lililochanika, majike wote wanampisha njia. Alikaa karibu na Mgeni, akampa mgongo. Mgeni alingoja. Kisha akaanza kumchambua manyoya, taratibu, kidole kwa kidole. Saa mbili nzima. Shangazi akalala.

Kimya aliandika ukurasa. Mimi nilishika chupa.

Alhamisi, 13 Machi

Nina la kuandika.

Saa tatu asubuhi Mgeni alikuwa kwenye mti wa matunda, peke yake, anakula kimya kama kawaida yake. Shangazi akatokea. Mgeni akaacha kula, akashuka, akainamisha kichwa. Na akasema! Hu-hu-hu, ndogo, ya pumzi, kama mtoto anayesukumwa mbele na mama yake asalimie wageni. Shikamoo ya kwanza! Shangazi hakuitikia, wakubwa hawaitikii, lakini alimgusa kichwani akapanda mtini. Mgeni akamfuata, wakakaa tawi moja. Mgeni akatia tunda mdomoni, akaanza kuguna. Miguno mifupi ya chakula. Njoo, ni matamu, yako hapa.

Ana miezi miwili na ushei katika nchi ya watu, na leo amepata wa kumgunia.

Mimi ni mtu nisiyelia. Nililia. Ningeishia hapo, mambo yangekuwa sawa. Lakini mdomo huu! Nikajikuta nimesimama, mikono juu, napiga ukelele:

"Sema, mwanangu! Sema! Kimya, umemsikia? Umemsikia binti yetu?"

Shangazi akaruka mti mwingine. Mgeni nyuma yake. Msitu ukabaki na mimi peke yangu.

Kimya alitazama kinasa sauti kwa muda mrefu. Akakizima.

Jioni Daktari akasikiliza. Mgeni: sekunde kumi na moja. Baada ya hapo ni Redio, sekunde arobaini. Na katika zile kumi na moja, nne za mwisho zina kwikwi zangu. Zimebaki saba safi. Akafumba macho akazisikiliza mara nyingi. Hakuimba. Lakini hakunifukuza nje ya turubai.

Ijumaa, 14 Machi

Kimya amepata nafasi ya kudumu.

Nilimpa mkono. Nikamwambia namna ya kusaini ili saini ionekane ya mtu mkubwa. Daktari akanigeukia, nikajua ni zamu ya kwaheri. Nilikuwa nimeshawaza nitamwambiaje mke wangu, na nitamwambiaje mama mkwe, ambaye hahitaji kuambiwa.

Hapo Kimya akafungua mdomo. Alisema hivi, nimehesabu, maneno tisa:

"Daktari, Mgeni alizoea watu kwa sababu ya huyu. Asiondoke."

Daktari akamtazama kama tulivyomtazama siku ile ya mvua. Akauliza maswali. Kimya akanyoosha tu daftari lake. Humo kaandika tangu wiki ya kwanza, kila alipokutana nami njiani: Mgeni anamruhusu Redio asogee hatua kumi, Mgeni anakula huku Redio anaongea, Mgeni hakimbii.

Nimeongezewa miezi mitatu. Kuna sharti, limeandikwa na nimelisaini: nisiige sauti ya sokwe yeyote, mahali popote, kwa sababu yoyote.

Mke wangu aliposikia alikaa kitandani akavuta pumzi ndefu. Akaniambia nimpelekee yule Kimya shukrani, na nimpelekee akili zangu akanitunzie.

Jumapili, 16 Machi

Nimetafakari siku mbili. Kwa nini Kimya alinitetea? Jibu ni rahisi kwa mtu aliyetembea dunia. Ananiogopa. Anajua nikiondoka nitakwenda kituo kingine nitang'ara, yeye aonekane hana mpinzani wa maana. Amenifunga hapa kwa wema. Mjanja sana, lakini nimemgundua.

Jambo la pili. Nimesoma lile sharti mara tatu, kwa makini ya hakimu. Limetaja sokwe. Sokwe yeyote, madume, majike, watoto. Halikumtaja Daktari.

Na sauti ya Daktari naiweza! Inatokea puani kidogo, inapanda mwishoni, kama mtu anayeuliza hata asipouliza. Leo mchana nimeijaribu chumbani nikiwa nimegeukia ukuta. Mama mkwe, nje, akapangusa kiti akasema karibu mwanangu, keti, huyo mwanamume hana adabu ya kukukaribisha.

Safi kabisa!

Mpango ni huu. Kesho saa mbili asubuhi Kimya ataitwa kwenye simu ya upepo. Sauti ya kike, ya kisomi, itamwamuru anirudishie kinasa sauti changu mara moja, na kuanzia sasa mimi niwe wa Mgeni, yeye arudi kwa Jemadari. Hatauliza. Lini Kimya ameuliza?

Magoti bado yananiuma, lakini moyo mweupe. Hata bahati iko upande wangu: kesho Daktari mwenyewe anatembea na Kimya tangu alfajiri, bega kwa bega. Kwa hiyo akipokea agizo na akawa na wasiwasi, Daktari atakuwa papo hapo kumthibitishia.